Tembo tunawajua shambani tu, hifadhini tutakwenda lini?

Wadau wa Nachingwea na Ruangwa, kuna jamaa kijiweni kasema mbugani ni kwa Wazungu. Nikamuuliza, na tembo waliomaliza mahindi ya mjomba wako nao ni wa Wazungu? Watu wakacheka, ingawa jambo lenyewe halichekeshi. Huku kwetu tembo wanakula mazao na wameshaua watu. Yaani hasara yao tunaijua, uzuri wao hatujauona.

Ngoja nieleze kidogo, maana wengi wanachanganya. Mwaka 2019 Pori la Akiba Selous liligawanywa. Zaidi ya kilometa za mraba 30,000 zikawa Hifadhi ya Taifa Nyerere chini ya TANAPA, ambako kuwinda ni marufuku, unakwenda kutazama. Kipande kilichobaki ni pori la akiba chini ya TAWA, na humo wenye leseni bado wanawinda. Wazee wakikwambia zamani tembo walikuwa kama ng'ombe, hawaongopi: mwaka 1976 walikadiriwa zaidi ya 100,000, mwaka 2013 wakabaki kama 13,000. Majangili hao! Mwaka 2014 UNESCO wakaiingiza Selous kwenye orodha ya urithi ulio hatarini.

Sasa safari. Hifadhi imeingia mpaka wilaya ya Liwale, hapo jirani tu, lakini lango lililozoeleka na watalii ni Mtemere, kaskazini kabisa. Kwa hiyo unalizunguka pori: Nanganga, Mingoyo, Lindi, Nangurukuru, unavuka daraja la Mkapa, Kibiti, halafu unakata kushoto kwenda Mloka. Ni mbali, na mimi naona ndiyo sababu kubwa vijana hatuendi, siyo kiingilio. Kiingilio cha Mtanzania ni cha shilingi na ni kidogo sana ukilinganisha na dola za mgeni. Ila usiende na noti mkononi, wanapokea malipo kwa kadi au namba ya malipo.

Nenda kati ya Juni na Oktoba. Aprili na Mei barabara za ndani ni tope tupu. Ukifika usiishie garini: panda boti Mto Rufiji, viboko na mamba utawaona karibu mpaka uombe dua.

Kinachouma ni gari la kukodi, mkiwa sita au saba ndiyo linalipika. Wa Ruangwa mjikusanye, sisi tutawakuta Nanganga.