Bastola Isiyo na Shargeri Bado Inaua

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa nyumba,

Kazini unajua sharti la baruti: tundu lililokataa kulipuka tunalihesabu kuwa lina baruti, mpaka mwenye kazi hiyo ahakikishe. Bunduki nyumbani inataka heshima ileile.

Kwetu Beni na Butembo, vita vya 1996 na 1998, kisha mauaji yaliyoanza upande wa Beni Oktoba 2014, vimesambaza silaha nyingi. Lakini sheria ya tarehe 3 Septemba 1985 inasema wazi: raia hana haki ya kuweka bunduki bila ruhusa ya Leta. Asiye na ruhusa asiishike. Mwenye ruhusa ajifunze kwanza.

Wengi wanadhani ukitoa shargeri, bastola imekuwa tupu. Si kweli! Risasi moja yaweza kubaki ndani, nyuma ya mtutu. Shargeri iko mezani, kidole kinagusa kifyatulio, na mtu anakufa. Basi fuata masharti haya:

1. Elekeza mtutu mahali pasipo na mtu. Ukuta wa udongo hauzuii risasi sawasawa, na jirani yuko upande wa pili.

2. Kidole kikae nje ya kifyatulio.

3. Toa shargeri kwanza. Ukianza kuvuta sehemu ya juu ya bastola, risasi nyingine itapanda ndani.

4. Sasa vuta sehemu ya juu nyuma. Risasi iliyobaki itaruka nje. Ishikilie wazi, angalia kwa macho, gusa kwa kidole. Ukimpa mwenzako bastola, naye aangalie tena.

5. Funga bastola katika sanduku lenye kufuli, na risasi katika sanduku lingine. Ufunguo ukae nawe. Chini ya mto si mahali pa kuficha: mtoto anapajua.

Kupiga shabaha ni kujifunza mbele ya mwalimu mwenye ruhusa, mahali penye kilima cha udongo nyuma ya shabaha. Shika kwa mikono miwili, bonyeza kifyatulio polepole, na ujue kilicho nyuma ya shabaha. Usipige hewani kwa furaha wala kwa kutisha mwizi: risasi iliyopanda itashuka juu ya mtu. Na ukinywa kasiksi, usiguse bunduki hata kidogo.

Mama, fundisha watoto maneno matatu: usiguse, ondoka, ita mkubwa. Wakikuta bunduki, risasi au grenadi shambani, wasiitupie jiwe. Nawe usiibebe, hata kwa nia ya kuirudisha. Barabarani utadhaniwa mpiganaji. Kumbuka mahali, kataza wengine kupita, umwambie shefu wa kartie au polisi.

Mtu akipigwa risasi, kandamiza kidonda kwa kitambaa safi, kwa nguvu, bila kuachilia. Usitafute risasi kidondani, usitie dawa za majani. Mpeleke upesi hospitali: Kitatumba kwa watu wa Butembo, hospitali kuu kwa watu wa Beni.

Mfanyakazi mwema harudi nyumbani na kuacha usalama kazini. Kila bunduki, ihesabu kuwa ina risasi!