Kabla Hujamaliza Bumu Kwenye Gitaa la Besi

Mwaka wa kwanza, bumu lilipoingia, nilifanya jambo ambalo mama hajui mpaka leo. Nilishuka Kariakoo, nikarudi hosteli na gitaa la besi lenye nyuzi tano, jeusi, linang'aa, laki nne na nusu. Kwa nini nyuzi tano? Kwa sababu kaka anayepiga besi kanisani kwetu anapiga la nyuzi tano. Basi. Wiki zilizofuata nilikula chapati na chai, na kifundo cha mkono wa kushoto kiliuma mpaka kubeba ndoo ya maji ikawa shughuli. Muhula wa pili nikaliuza kwa laki mbili na nusu.

Sasa wadau wananifuata kwenye vimbweta wakiuliza wanunue besi gani. Nawajibu hapa wote kwa pamoja.

Anza na mwili wako. Besi ya kawaida, ukipima uzi toka unapoanzia kichwani hadi kwenye daraja la chini, ina inchi 34, karibu sentimita 86. Zipo fupi za inchi 30. Inchi nne unaziona ndogo, ila kule karibu na kichwa ndiko vidole hupanuka zaidi, na ndiko anayejifunza anakoshinda. Mimi ni mfupi na vidole vyangu ni vifupi. Muuzaji aliniambia, "Dada, hizo fupi ni za watoto." Nikaamini! Paul McCartney wa Beatles alinunua Höfner yake Hamburg mwaka 1961, ya inchi 30, akapiga nayo dunia nzima.

Halafu unene wa shingo. Besi nyingi za bei nafuu zinaiga mbili za Fender: Precision ya mwaka 1951 na Jazz ya mwaka 1960. Shingo ya Jazz pale kichwani kwa kawaida ina upana wa milimita 38 hivi, ya Precision inazidi 40, na ya nyuzi tano huwa 45 au zaidi. Kwa mkono mdogo, hizo milimita saba ndizo zilizoniumiza.

Uzi wa tano wenyewe ni wa B, chini ya E. Una kazi yake, hasa kwa wanaopiga kwaya, maana kila mwimbaji ana ufunguo wake. Lakini kwenye gitaa la bei ndogo uzi huo mara nyingi unalegea na kuvuma tu, noti huisikii vizuri. Nyuzi nne zinatosha kujifunzia. Pia uliza kama besi inatumia betri. Zipo zenye saketi ya ndani inayokula betri ya volti 9, na ukisahau waya umechomeka, betri inaendelea kuliwa hata kama hupigi. Kwa mfuko wa mwanafunzi, chukua isiyo na betri.

Ukienda kununua iliyotumika (nakushauri hivyo), usione aibu kuchelewa. Iinue, utazame shingo kwa jicho moja toka chini kwenda kichwani, kama seremala anavyotazama ubao. Mpindo kidogo sana ni sawa, kuna chuma ndani kinachoweza kukazwa. Ikiwa imejisokota upande, iache. Kisha bonyeza kila uzi kwenye kila freti, yote, uking'uta taratibu. Ukisikia mlio wa kukwaruza au noti inayokufa haraka, kumbuka hapo ndipo pa kushushia bei. Zungusha vitufe vya sauti. Vikikoroma, huenda ni vumbi tu. Mwisho ivae kwa mkanda, uachie mikono. Kichwa kikianguka chini, utakuwa unakishikilia kwa mkono wa kushoto kila siku, na kifundo kitakuja kudai.

Usimalize hela yote kwenye gitaa. Seti ya nyuzi za besi ni ghali kuliko za gitaa la kawaida. Wapiga besi wa zamani wanachemsha zilizochakaa kwenye maji, wanazifuta na kuzikausha, sauti inarudi kwa muda. Nimejaribu, inafanya kazi, ila sufuria ilikuwa ya mwenzangu wa chumbani na tulinuniana. Usichomeke besi kwenye spika ndogo ya gitaa la kawaida ukaifungulia hadi mwisho, utaichana. Hosteli inatosha kikuza sauti kidogo cha kusikilizia kwa earphone, na majirani watakupenda.

Ninayopiga sasa ni ya inchi 30, nyuzi nne, mtumba, ina mkwaruzo mkubwa mgongoni. Laki mbili na ishirini. Ile nyeusi niliiona mwezi uliopita kwenye harusi moja, ameishika kijana mrefu mwenye mikono kama mcheza kikapu. Ilikuwa inalia vizuri sana.