KICHANJA CHA KUKAA NYUMA YA NYUMBA: KWA NINI MBAO ZINAOZA, NA TUFANYE NINI



Katika karatasi hii tunazungumzia kichanja. Si kile cha kukaushia vyombo, ambacho kila mama anakijua, bali kichanja cha chini cha kukaa watu: sakafu ya mbao iliyoinuliwa kidogo kutoka ardhini, nyuma ya nyumba, ambapo mtu anaweza kuketi, kuchambua maharage, kumwogesha mtoto au kupumzika bila kukanyaga tope. Watu wengi wameanza kuvijenga, na vingi vinaharibika kabla ya mwaka kuisha. Tueleze kwa nini, kisha tueleze namna ya kujenga kinachodumu.

KWA NINI TUNAKIHITAJI

Hapa Nyarugusu, katika nchi ya juu ya Kasulu, mvua huanza Oktoba au Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Ni zaidi ya nusu ya mwaka. Siku za mawingu jua halitoki, usiku kuna ubaridi, na uwanja wa nyuma unabaki tope kwa siku nyingi. Wazee wanateleza. Watoto wachanga wanatambaa kwenye maji machafu. Mwenye ulemavu anafungiwa ndani kana kwamba yuko kifungoni.

Kichanja kizuri kinamrudishia mtu huyo uwanja wake. Kichanja kibaya kinamvunja mguu. Nasema hivi kwa sababu nilishakijenga hicho kibaya.

KOSA LANGU MWENYEWE

Mwezi wa Agosti 2022 nilimjengea kichanja mzee mmoja jirani yangu, ambaye miguu yake haina nguvu. Ilikuwa kiangazi, kila kitu kikavu. Nilichimbia vigingi vya mkaratusi ardhini, nikapigilia mbao zikiwa zimebanana bila nafasi ili zipendeze, nikakisogeza kichanja mpaka kikagusa ukuta, na chini yake nikatandika kipande cha turubai nikidhani nazuia unyevu. Watu walisifu kazi. Mimi pia nilijisifu.

Februari 2023, katikati ya mvua, mbao moja ilikatika chini ya mguu wa mzee. Alichubuka vibaya na kwa wiki tatu hakuweza kwenda bombani wala zahanati bila kubebwa. Tulipofunua kichanja tulikuta maji yametuama juu ya turubai, vigingi vimeliwa na mchwa upande wa chini, na matofali mabichi ya ukuta yamelainika kiasi cha kuingiza kidole.

Mzee hakunigombeza. Alikuwa fundi wa mitumbwi huko Fizi, kabla ya kuvuka ziwa mwaka 1996, mwaka kambi hii ilipofunguliwa. Aliniambia: “Mwanangu, mtumbwi ulio ndani ya maji hauozi upesi. Mtumbwi uliokauka hauozi. Unaoza pale kwenye mstari, panapolowa na pasipokauka vizuri. Wewe umenijengea mstari mtupu.”

NI NINI HASA KINACHOOZESHA MBAO?

Watu husema mvua inaozesha mbao. Si hivyo. Mbao huozeshwa na kuvu, viumbe vidogo sana vinavyokula mti. Kuvu wanahitaji maji na hewa kwa pamoja. Mti uliozama kabisa majini hauna hewa ya kutosha, kwa hiyo unakaa miaka mingi. Mti mkavu hauna maji, kwa hiyo nao unakaa. Lakini mti uliolowa na kubaki na unyevu huku hewa ikiufikia kidogo, huo ndio karamu ya kuvu.

Na ubaridi je? Ubaridi haumuui kuvu, unampunguzia kasi tu. Lakini ubaridi na mawingu vinachelewesha mbao kukauka. Mbao ambayo kiangazi ingekauka kwa saa chache, wakati wa masika inaweza kukaa na unyevu kwa siku kadhaa. Kabla haijakauka, mvua nyingine inanyesha.

Basi tusihangaike kuzuia mvua isiguse mbao. Hatutaweza. Kazi yetu ni kuhakikisha kwamba kila mbao iliyolowa inapata njia ya kukauka. Maji yapate pa kutokea, na hewa ipate pa kupitia. Hatua zote zifuatazo zinatokana na neno hilo moja.

KABLA YA KUANZA

Muulize kwanza kiongozi wa kijiji chako kama ujenzi unaruhusiwa mahali unapopataka. Usizibe njia ya watu, mfereji wa wote wala njia ya kwenda chooni.

Usikate mti hata mmoja. Tumia miti ya nyumba iliyobomolewa, mbao za vitanda vilivyovunjika, au mabanzi na fito zilizopatikana kwa njia halali. Mabanzi yana bei nafuu na yanafaa, ila lazima uondoe magome yote. Chini ya gome unyevu unajificha na wadudu wanazaliana.

Mti mbichi usiutumie siku hiyo hiyo. Upange chini ya kivuli juu ya mawe, ukiweka vijiti kati ya mbao na mbao ili hewa ipite. Mkaratusi mbichi ukikauka unajikunja na kupasuka, na misumari inalegea.

VIFAA VYA KICHANJA CHA MITA 2 KWA MITA 1 NA NUSU

- Fito 4 zilizonyooka, urefu wa mita 2, unene wa sentimita 8 hadi 10.
- Mbao au mabanzi 12, urefu wa mita 1 na nusu, upana wa sentimita 15, unene usiopungua sentimita 2 na nusu.
- Mawe bapa 12, au matofali ya kuchoma yaliyopangwa vizuri. Tofali bichi halifai, litayeyuka.
- Misumari 100 ya nchi 3.
- Kokoto au vipande vya matofali ya kuchoma.
- Jembe, msumeno, nyundo, kamba na chupa yenye maji nusu.

Mtu asiye na msumeno au nyundo amwombe jirani. Kazi hii inafaa kufanywa na watu wawili au watatu.

HATUA KWA HATUA

1. Chagua mahali. Angalia matone ya paa yanapoangukia wakati wa mvua. Kichanja kianzie nje ya mstari huo, si chini yake. Kwa nyumba nyingi ni kama sentimita 60 kutoka ukutani. Nafasi hiyo usiione ni hasara, kwani inaulinda ukuta wako. Matone yakiangukia juu ya mbao yanarukia ukuta wa udongo na kuulainisha taratibu. Kama unaweza, chagua upande unaopata jua la asubuhi.

2. Tengeneza njia ya maji. Chimba mfereji mdogo chini ya mstari wa matone, uelekee kwenye mfereji wa kijiji. Usiuelekeze kwa jirani, kwani maji unayomfukuzia mwenzako yanarudi kama ugomvi. Kisha ondoa majani na udongo laini mahali pa kichanja, shindilia, na uache ardhi iteremke kidogo kuelekea nje. Mwaga kokoto juu yake. Usitandike turubai. Turubai linashika maji, na maji yaliyotuama ni nyumba ya mbu.

3. Panga mawe. Weka mistari minne sambamba na ukuta, kila mstari umbali wa sentimita 45 kutoka mwingine. Kila mstari uwe na mawe matatu: moja kila mwisho na moja katikati. Mawe yawe na kimo cha sentimita 20 au zaidi kutoka ardhini. Mstari wa nje uwe chini kuliko mstari wa karibu na nyumba kwa sentimita 3, ili maji yateremke kwenda nje. Weka mbao juu ya mawe na ulaze chupa juu yake: maji ya chupa yatakuonyesha mteremko.

4. Laza fito juu ya mawe. Usichimbie fito wala kigingi ardhini. Hapa ndipo nilipokosea. Mti uliochimbiwa unanyonya unyevu kutoka chini, na mchwa wanaingia bila kuonekana. Mti ulio juu ya jiwe unalazimisha mchwa wajenge njia yao ya udongo juu ya jiwe, na hapo utaiona na kuikwangua. Jaribu kila fito kwa mguu. Ikitikisika, rekebisha jiwe kabla ya kuendelea.

5. Pigilia mbao. Zilale kukatisha fito, kutoka upande wa nyumba kwenda nje. Kati ya mbao na mbao acha nafasi ya upana wa kidole kidogo, yaani sentimita 1 hadi 1 na nusu. Nafasi hiyo inapitisha maji na hewa, na uchafu unadondoka chini. Isizidi hapo, maana mguu wa mtoto au mkongojo wa mzee utanasa. Kila mbao inapokutana na fito, piga misumari 2. Jumla itakuwa 96. Usipige karibu na ncha ya mbao, itapasuka. Vichwa vya misumari vizame kidogo ndani ya mbao ili visichome miguu.

6. Weka daraja la kuingilia. Kati ya mlango na kichanja weka mawe mawili mapana yasiyotikisika, moja kila upande wa mfereji. Kwa mzee au asiyeona vizuri, ongeza mti wa kushikilia ubavuni.

MAMBO YA KUEPUKA

Wapo wanaopaka oili chafu ya magari ili kufukuza mchwa. Hatushauri. Oili hiyo ina sumu, inashika kwenye ngozi ya watoto wanaotambaa, na mvua inaipeleka kwenye udongo na maji.

Usizibe pembeni mwa kichanja kwa magunia au turubai. Hewa itakosa njia, na nyoka na panya watapata chumba. Usihifadhi kuni wala nguo chini yake.

Usiweke jiko la mkaa juu ya kichanja, hata kwa dakika tano.

UTUNZAJI

Kila wiki inama uangalie chini. Ukiona njia za udongo za mchwa juu ya mawe, zikwangue. Ondoa majani yaliyonasa kati ya mbao. Utando wa kijani ukianza kuota juu ya mbao, sugua kwa mchanga na ufagio mgumu, kwa kuwa huo ndio utelezi unaoangusha watu. Kila mwezi chukua msumari na uchome mbao karibu na ncha zake na mahali zinapokutana na fito. Ukizama kwa urahisi kama kwenye muhogo uliopikwa, mbao hiyo imeoza. Ing'oe na uweke nyingine siku hiyo hiyo. Usisubiri ikatike.

“TUNAJENGA KWA NINI, NA KESHO TUNAONDOKA?”

Swali hili nimeulizwa mara nyingi, na siwezi kulicheka. Mimi nilizaliwa hapa kambini. Tangu utoto wangu nasikia watu wakisema kesho tunaondoka. Wengine wameondoka kweli. Wengine bado wako hapa, na kila mwaka mvua imewanyeshea.

Jibu langu ni hili. Kichanja tulichokieleza hakina saruji, hakina kigingi kilichochimbiwa, wala hakikushikamana na ukuta. Kwa msumeno kinagawanywa vipande viwili ambavyo watu wanne wanaweza kubeba. Ukihamishiwa kijiji kingine, unakwenda nacho. Ukiondoka kabisa, unamwachia jirani, na ardhi inabaki kama ilivyokuwa. Kwa hiyo hujamwambia mtu yeyote kwamba hutarudi nyumbani. Umesema tu kwamba mama yako asianguke mwaka huu.

Juni 2023 nilimjengea mzee wangu kichanja kipya, yeye akiwa ameketi kwenye kiti na kunielekeza kwa fimbo yake. Mbao mbili tu ndizo tulizobadilisha tangu hapo. Mvua ikikatika, yeye ndiye wa kwanza kutoka nje, na kabla ya kuketi hugonga kila mbao kwa fimbo na kusikiliza. Mbao nzima inalia kwa sauti kali, iliyooza inalia kwa sauti nzito. Jifunzeni na hilo pia.

Anayetaka kuona mfano kabla ya kujenga, amwambie mhamasishaji wa kijiji chake, tutampeleka. Wazee wasio na mtu wa kuwajengea, majina yao yaletwe kwetu mapema, kabla ya mvua za kwanza.



Mhamasishaji wa jamii