Joho lisimeze mbegu ya Muze!

MSIMU wa mahafali una kasheshe zake. Kuanzia Oktoba hadi Desemba vyuo vikuu vingi vinapishana kutunuku shahada, na kwa vijana wa mjini huo ni wakati wa kutesa: suti mpya, viatu vinavyong'aa, nywele saluni, picha mia mbili na ukumbi wa kujirusha mpaka majogoo.

Kwa kijana aliyetoka Muze, kule bondeni chini ya safu ya Lyamba lya Mfipa mkoani Rukwa, kalenda hiyo hiyo ina jambo jingine. Novemba ndio mvua zinaanza. Mzee anahangaika na mbegu, anatafuta trekta au ng'ombe wa kulimia, anatafuta vibarua. Katikati ya heka heka hiyo simu inaita: "Shikamoo baba, mahafali ni wiki tatu zijazo, naomba nitumie hela."

Hapo ndipo penye hoja ya leo, ndugu msomaji. Hatusemi watu wasisherehekee. Mtoto amesota shule ya msingi, sekondari, kidato cha sita na miaka mitatu au minne ya chuo, halafu tumwambie akae kimya? Haiwezekani! Tunachosema ni kwamba wikiendi ya mahafali ikipangwa kwa kukurupuka, anayelipa si mhitimu. Analipa mzee aliye shambani, na analipa mwaka mzima.

MZEE ANA NJIA TATU, ZOTE CHUNGU

Mpunga wa bondeni huvunwa kuanzia Mei na Juni. Ikifika Novemba, kilichobaki ghalani ni chakula cha nyumba na mbegu. Kwa hiyo simu ya wiki tatu ikiingia, mzee anabaki na njia tatu. Auze chakula, auze ng'ombe, au aende kwa mfanyabiashara akachukue fedha kwa mpunga ambao hata haujapandwa.

Hiyo njia ya tatu ndiyo noma yenyewe. Mwenye fedha ndiye anayepanga bei, na mwakani akija kuchukua mzigo wake anataka gunia la lumbesa, lile lililoshonewa kilemba juu kama bibi harusi. Sherehe inakwisha kwa saa nne, lakini deni linasubiri mpaka mavuno ya mwakani. Mvua ikigoma, au ikizidi na mafuriko yakaingia mashambani, deni halijui hayo.

Kumbuka pia kwamba mhitimu mwenyewe mara nyingi hatoki chuoni mikono mitupu. Kama alisoma kwa fedha za Bodi ya Mikopo, iliyoanza kazi mwaka 2005, basi tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2016 mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi mpaka deni liishe. Huo mshahara wenyewe bado unatafutwa! Sasa baba naye aingie deni jingine kwa ajili ya ukumbi na keki? Washkaji, hapo hatujatumia shahada.

HESABU IANZE JUNI

Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anajua mapema kwamba akifaulu atavaa joho. Haiji kama ajali. Basi mazungumzo yafanyike wakati mpunga unaanikwa, si wakati mbegu inatafutwa.

Familia ikae, itenge magunia na kuyapa majina. Gunia la nauli. Gunia la joho na mambo ya chuo. Gunia la pilau. Kuhesabu kwa magunia kuna raha yake, kwani hata bei ikipanda au kushuka, mzee haoni tarakimu za kuelea hewani, anaona mali yake ikipungua mbele ya macho yake. Na kwa kawaida mpunga wa Juni, wakati kila mtu anauza, hauna bei nzuri kama ule uliotunzwa ghalani miezi kadhaa. Anayepanga mapema anaweza kusubiri, lakini aliyeshtukizwa atauza kwa bei yoyote atakayotajiwa.

Kitu chochote nje ya magunia hayo, kama vile suti ya pili, saluni ya bei mbaya au mpiga picha maarufu, ni shauri la mhitimu na mfuko wake. Na gunia la mbegu lisiguswe, hata kama mjomba ameapa atalirudisha Jumatatu.

SAFARI SI LELEMAMA

Ukiwa Mwenge au Sinza ni rahisi kumwambia bimkubwa "njoo tu, mama". Hebu ifuate hiyo njia. Kutoka Muze gari linapanda ukuta wa Lyamba lya Mfipa kwenda Ntendo, kisha Sumbawanga mjini. Barabara hiyo ya mlimani ni ya kuheshimiwa, hasa mvua zikishanyesha. Hivyo mzee asipange kupanda mlima na kuunganisha basi la mbali siku hiyo hiyo. Alale Sumbawanga kwa ndugu. Na abebe sweta! Bondeni ni joto, lakini Sumbawanga iko mita kama 1,800 kutoka usawa wa bahari, na baridi ya huko haina mzaha.

Kutoka hapo basi linapita Laela, Tunduma, Mbeya, Makambako na Morogoro mpaka Dar es Salaam, zaidi ya kilometa 1,100. Afadhali siku hizi kipande cha Tunduma hadi Sumbawanga ni lami, iliyojengwa kwa msaada wa fedha za Marekani. Tangu mwaka 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku, kwa hiyo uchaguzi wa saa ni mpana zaidi. Kama mahafali ni Dodoma, iko pia njia ya Mpanda na Tabora.

Jambo jingine ambalo vijana husahau: mzee aliyekuja Dar mara ya mwisho enzi za stendi ya Ubungo anaweza kuwa bado anaijua hiyo hiyo. Tangu mwaka 2021 mabasi ya mikoani yana stendi kuu ya Magufuli, Mbezi Luis. Usimwachie mzee akutane na matapeli wa mjini huku ameshika kibahasha na kuku wa zawadi. Nenda kampokee mwenyewe. Na afike angalau siku mbili kabla. Mtu aliyekaa kwenye kiti cha basi siku nzima, miguu imevimba, hatolewi stendi akapelekwa ukumbini moja kwa moja. Huo ni utesaji.

Waliosoma jirani wana nafuu. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, kilichopata hadhi ya chuo kikuu mwaka 2012, kwa mzazi wa Rukwa ni karibu ukilinganisha na Dar. Nauli ikipungua, badala ya kuongeza mbwembwe, ongezeni mtu: bibi naye apande basi.

KADI MBILI, WATU WATATU

Sasa tuje kwenye lile linalovunja uhusiano. Kumbi hazitoshi watu wote, na mara nyingi mhitimu hupewa kadi chache tu za wageni, pengine mbili. Baba yupo, mama yupo, na mchumba naye ameshashona gauni la rangi ya joho. Nani akae nje?

Jibu letu ni fupi: kadi ni za wazazi. Mpenzi anayekupenda atasubiri nje na shada mkononi, na simu ikiwa na chaji ya kutosha ya kupigia picha. Akinuna kwa sababu mama yako amekaa kiti alichokitaka yeye, basi shukuru, umepata matokeo ya mtihani mwingine siku hiyo hiyo. Kama mzazi mmoja hayupo duniani, kadi ya pili apewe yule aliyelipa ada: mjomba, shangazi au kaka mkubwa.

Mengine ya chuo ni ya kufuatilia kwa makini. Hakikisha jina lako limo kwenye orodha na limeandikwa sawasawa. Thibitisha ushiriki kabla ya siku ya mwisho. Chukua joho mapema, lijaribu, na ujue tarehe ya kulirudisha, maana wapo wanaolizungusha mtaani wiki nzima halafu wanashangaa kudaiwa faini. Kama kuna mazoezi, nenda. Uliza cheti kitatolewa lini, kwa sababu mwajiri haombi picha ya joho, anaomba cheti. Kwa walioshindwa kusafiri, vyuo kadhaa hurusha sherehe moja kwa moja kwenye intaneti. Mwachie mdogo wako Muze fedha ya bando na umwambie awakusanye majirani.

KITENGE CHA MAMA HAKINA AIBU

Lipo jambo halisemwi kwa sauti. Wapo vijana wanaowaambia wazazi "msisumbuke, ni mbali", si kwa huruma ya nauli, bali kwa sababu wanaona haya. Mama Kiswahili chake kina lafudhi ya Kifipa. Baba ana koti la mwaka arobaini na saba. Halafu ukitaja Sumbawanga tu, watani wanaanza hadithi zao za radi na uchawi, ingawa wenyeji wanaelezea jina la mji huo kuwa lina maana ya kuutupa uchawi, si kuukumbatia.

Kijana, acha ubishoo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza Oktoba 1961 katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kilikuwa na wanafunzi wachache wa sheria. Kilipokuwa chuo kikuu kamili Julai 1, 1970, Mkuu wa Chuo wa kwanza alikuwa Mwalimu Nyerere, mtoto wa Butiama, kijijini kabisa. Nchi hii ilipeleka watoto wa vijijini shule ili warudi na kitu, si ili wajifunze kuwakwepa waliowapeleka.

Mama akija na kitenge chake na kilemba, msogeze mbele. Mtambulishe kwa wenzako kwa jina lake kamili. Mvishe joho dakika moja, mpige picha. Hiyo ndiyo picha itakayotundikwa sebuleni miaka thelathini. Ile uliyopiga na washkaji itapotea na simu.

PILAU IPIKWE NYUMBANI

Ushauri wetu mkubwa ni huu: mjini lipieni joho, nauli, mahali pa kulala na picha. Basi. Ukumbi wa usiku wenye MC, muziki na kamati ya michango, uhamishieni Muze.

Sababu iko wazi. Mchele wa bonde la Rukwa hupanda lori kwenda mijini. Kwa nini familia iliyoulima iende kuununua tena kwa bei ya Kariakoo, imlipe na mpishi? Muze mchele upo, kuku wapo, mbuzi yupo, na Ziwa Rukwa lina samaki. Misa ya shukrani Jumapili asubuhi, halafu wali chini ya mwembe. Wanaokuja ni watu wenye haki yako: mwalimu wa darasa la kwanza, jirani aliyekukopesha nauli ya kwenda kuripoti kidato cha tano, shangazi aliyeuza ufuta wake ukapata sare. Hao kadi za ukumbini zisingewatosha hata kidogo.

Na sherehe hiyo haina haraka. Mvua zikikorofisha njia, isogezwe mpaka Juni, mpunga mpya ukiwa ghalani. Joho litakuwa limesharudishwa, sawa, lakini picha kubwa iliyowekwa kwenye fremu inakaa mezani na kila mtu anaishika. Wala hakuna aliyewahi kunyang'anywa shahada kwa kuchelewa kula pilau.

Kwa hiyo wewe uliye mwaka wa mwisho, usisubiri ratiba ibandikwe. Piga simu nyumbani mwezi huu. Usianze na suti; muulize mzee mvua ilikuwaje, amevuna magunia mangapi, na mangapi ni ya mbegu. Akishamaliza kukujibu ndipo umtajie tarehe ya mahafali, mpange pamoja.

Shahada ni yako, na hongera sana. Lakini mpunga wa mwakani ni wa nyumba nzima, na wadogo zako walioko darasani pale Muze wanautegemea huo huo kufika ulikofika wewe.