Lenzi bapa isiyo na tumbo: inapangwaje, na mtu wa Mofu inamhusu nini?

Wadau wa Kilombero na kwingineko, hebu geuzeni simu muangalie kamera ya nyuma. Ule uvimbe unaofanya simu icheze ukiilaza mezani sio urembo. Ndani yake kuna lenzi kadhaa zimepangwa moja juu ya nyingine, na mwanga lazima upite zote ndio picha itoke safi. Simu yenyewe imekubali kuwa nyembamba, skrini imekubali, lenzi imegoma. Sasa kuna wataalamu wanaotaka kuifanya iwe utando bapa kabisa, mwembamba kuliko unywele. Nimeona watu wanaiongelea kama uchawi, kumbe inaelezeka vizuri tu.

Shuleni tuliambiwa lenzi inapinda mwanga, tukachora mishale, tukapata maksi, yakaisha. Kwa nini inapinda? Chukulia watu ishirini wanatembea bega kwa bega kuelekea majaruba ya mpunga. Kwenye ardhi kavu wote mwendo mmoja. Wakiingia kwenye tope mwendo unapungua. Sasa kama tope ni pana katikati na jembamba pembeni, wa katikati watachelewa kutoka, wa pembeni watatangulia. Ule mstari ulionyooka unatoka umepinda kama upinde, na kila mmoja akienda kule uso wake unakoelekea, wote wanakutana sehemu moja. Hiyo sehemu ndiyo fokasi. Kioo ni tope la mwanga: ndani yake mwendo unashuka hadi kama theluthi mbili ya ule wa hewani. Ndiyo maana lenzi ina tumbo, katikati inachelewesha zaidi.

Hapo ndipo penye siri. Kinachotakiwa ni ucheleweshaji, sio unene. Ukipata njia nyingine ya kumchelewesha wa katikati, tumbo halina kazi tena.

Tupige hesabu kidogo, msikimbie. Tuseme unataka lenzi ya duara yenye fokasi ya milimita 1, na ukingo wake uko milimita 0.1 kutoka katikati. Kwa Pythagoras yule yule wa form two, mwanga wa ukingoni unasafiri kama mikromita 5 zaidi kufika kwenye fokasi. Mwanga wa kijani una urefu wa wimbi nanomita 532, yaani wa katikati lazima ucheleweshwe mawimbi 9 na kidogo zaidi ya theluthi ya wimbi. Lakini wimbi linajirudia! Mtu aliyechelewa hatua kamili 9 mguu wake unagonga chini sawasawa na ambaye hakuchelewa. Kwa hiyo zile 9 unazitupa, unabaki na ile theluthi na ushee tu. Hakuna sehemu ya lenzi inayohitaji kuchelewesha zaidi ya wimbi moja. Mfaransa Fresnel alifanya jambo la jirani na hili miaka ya 1820, pale alipokata lenzi nene za minara ya taa za baharini kuwa pete pete na kuondoa kioo cha bure.

Huo ucheleweshaji wa chini ya wimbi moja unaletwa na nguzo ndogo ndogo zilizosimamishwa juu ya kioo bapa. Nguzo nene inachelewesha zaidi, nyembamba inachelewesha kidogo. Nafasi kati ya nguzo na nguzo iwe ndogo kuliko wimbi lenyewe, la sivyo mwanga utatawanyika kusikotakiwa. Anayepanga lenzi hii kwanza anatumia kompyuta kujua nguzo ya unene huu inachelewesha kiasi gani, ya unene ule kiasi gani, anapata jedwali. Halafu kwa kila nukta ya lenzi anauliza: hapa nahitaji robo ya wimbi? Nusu? Anachukua nguzo inayofaa, anaiweka. Ni kama fundi anayechagua spana kwenye boksi, ila boksi lina nguzo na kazi inarudiwa mara mamilioni.

Mwaka 2011 kundi la Federico Capasso wa Harvard, Marekani, lilionyesha kwamba uso bapa wenye vitu vidogo kuliko wimbi unaweza kuupinda mwanga utakavyo. Mwaka 2016 wakaja na lenzi yenyewe inayofanya kazi kwenye mwanga tunaouona, kwa vijiukuta vya titani dioksidi vyenye kimo cha nanomita 600. Unywele una unene wa nanomita elfu themanini hivi, linganisha mwenyewe. Hiyo ya 2016 ilikuwa na ujanja mwingine: vijiukuta vyote vya lenzi moja vilikuwa na umbo moja, ila kila kimoja kimezungushwa kwa pembe yake, na pembe ndiyo iliyoamua ucheleweshaji.

Sasa tuje nyumbani. Zahanati nyingi za vijijini zinapima malaria kwa kipimo cha haraka, tone la damu na mstari mmoja au miwili. Ni msaada mkubwa, lakini hakihesabu vimelea, na aina inayotumika sana inaweza kubaki na mistari miwili wiki kadhaa baada ya mtu kupona. Mtu wa Mofu aliyemeza dozi na homa ikarudi anahitaji jibu la darubini. Darubini ya malaria inataka lenzi ya kukuza mara 100, na hiyo lenzi ndiyo roho yake.

Watanzania hawajakaa kimya. Maabara ya Bongo Tech & Research Labs ya Dar es Salaam na watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara walishirikiana na Waingereza kwenye darubini iitwayo OpenFlexure, na maelezo yake yalichapishwa mwaka 2020. Mwili wake unachapwa kwa printa ya 3D. Badala ya skrubu za bei mbaya, plastiki yenyewe inajipinda kidogo kidogo kusogeza sampuli, na kompyuta ndogo ya Raspberry Pi inapiga picha. Michoro ni bure, yeyote anapakua. Ila lenzi ya kukuza bado ni ya kioo, ya kununua. Printa haichapi hiyo.

Je, lenzi bapa itaziba hilo pengo? Mimi nasema bado, na sababu ni rangi. Lenzi bapa ya kawaida iliyopangwa kwa kijani cha nanomita 532 na fokasi ya milimita 1, ukiipa mwekundu wa 660 itaufokasi kwenye milimita 0.8 hivi. Nyekundu inakutana karibu, bluu mbali, kinyume cha kioo. Sasa damu ya malaria inapakwa Giemsa, na mtaalamu anatafuta kiini chekundu-zambarau ndani ya mwili wa bluu wa kimelea cha mikromita kama mbili. Ukimvurugia rangi umemfunga macho. Harvard walitoa mwaka 2018 lenzi bapa inayokusanya rangi kuanzia nanomita 470 hadi 670 pamoja, lakini nguzo zake ni ngumu zaidi kupanga, na kadiri lenzi inavyopanuka ndivyo kazi inavyozidi kuwa ngumu. Ndiyo maana zimeanza kuingia sokoni kwenye kazi za rangi moja tu: mwaka 2022 STMicroelectronics ilitangaza kihisio cha kupima umbali kwa infraredi chenye lenzi za Metalenz, kampuni iliyotoka kwa Capasso.

Kuzitengeneza kunahitaji mashine kama za viwanda vya chipu, tusidanganyane. Kuzipanga ni kitu kingine. Programu ya Meep, iliyoanzia chuo cha MIT, inakokotoa mwanga unavyopita kwenye nguzo na ni ya bure kabisa. Inataka Python, uvumilivu, na umeme usiokatika katikati ya hesabu. Nguzo moja ya kwanza, ukibadilisha unene tu na kuandika ucheleweshaji, inawezekana kwenye laptop ya kawaida. Kwa kuanzia chukueni rangi ya kijani, kimo cha nanomita 600, na mtuambie hapo chini jedwali limetoka vipi.