Gari la Pioneer na Neno Tulilolikosa

Katika mwaka wa 1986, Rais Daniel arap Moi aliwataka wasomi wa Chuo Kikuu cha Nairobi waunde gari, hata kama lingekuwa na sura mbaya au mwendo wa kobe. Magari matano yakaundwa, yakaitwa Nyayo Pioneer, na katika majaribio yakafikisha kasi ya kilomita 120 kwa saa. Shirika la Nyayo Motor likabuniwa ili liyatengeneze kwa wingi. Fedha zikakosekana. Baadaye shirika hilo lilibadilishwa jina likawa Numerical Machining Complex, likageukia vipuri vya viwanda vya humu nchini.

Tangu hapo Pioneer limekuwa mzaha. Kazi yangu ni lugha, wala si mitambo, nami nashuku kwamba dhihaka hiyo imelelewa na msamiati wetu. Wanafunzi nikiwauliza magari yale matano yalikuwa nini, hujibu: mifano. Lakini mfano ni kitu cha kuigwa. Kigezo ndicho vingine hupimwa kwacho. Sampuli nayo ni sehemu ya kitu ambacho tayari kipo: mwenye duka hukuonyesha konzi ya mchele, gunia likiwa nyuma yake. Maneno yote matatu yanadai ukamilifu, ilhali Pioneer liliundwa ili kasoro zifichuke mapema, kabla ya mwananchi kulilipia.

Tazama Marekani. Kati ya 1963 na 1966, kampuni ya Chrysler iliwaazima watu 203 magari hamsini yenye injini ya tabaini, inayozungushwa na gesi moto badala ya kusukumwa na pistoni. Kila mmoja alikaa na gari miezi mitatu, kisha akaeleza aliyoyaona. Walilalamika kwamba yalichelewa kuchomoka na yalikunywa mafuta kupita kiasi. Malalamiko hayo ndiyo mavuno yaliyotafutwa! Injini ile haikufika sokoni, na mengi ya magari hayo yaliharibiwa na kampuni yenyewe. Tisa tu ndiyo yaliyosalia.

Walimu wa Kiswahili na wa sayansi hawana budi kuketi pamoja juu ya jambo hili. Kwa kuwa Pioneer maana yake ni mtangulizi, napendekeza kitangulizi, wingi vitangulizi. Najua wapo wanaolitumia neno hilo kwa maana ya dibaji. Mwenye neno bora na alilete.