Kompyuta ya zamani imechoka: Linux ipi itaifaa?

Msikilizaji wetu mmoja mwenye steshenari kijijini ametutumia ujumbe wa sauti. Ana kompyuta mpakato aliyoinunua ikiwa mtumba, ina RAM ya GB 2 na mfumo wa Windows 10. Asubuhi anaiwasha, anakwenda kunywa chai, na akirudi anaikuta bado inazunguka. Wateja waliokuja kuchapiwa barua wanachoka kusubiri, wanapanda bodaboda kwenda mjini. Fundi kamwambia anunue nyingine. Yeye anauliza: nasikia kuna Linux na ni ya bure, je, itanisaidia? Na mbona ziko nyingi hivyo?

Swali hili si lake peke yake. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya masasisho ya usalama kwa Windows 10. Windows 11 nayo inadai RAM isiyopungua GB 4 na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, ambacho kompyuta nyingi za zamani hazina. Mashine bado ni nzima, ila inaambiwa muda wake umekwisha.

Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi huko Helsinki, Finland. Kwa kuwa mtu yeyote anaruhusiwa kuichukua na kuibadilisha, vikundi mbalimbali duniani vimeichukua na kila kimoja kikaiongezea programu zake na kuipa jina lake. Ndiyo maana ziko nyingi. Moja inayojulikana sana, Ubuntu, ilianzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina hilo ni ndugu wa neno letu "utu". Ndani zinafanana sana. Kwa mwenye kompyuta ya zamani, tofauti inayomhusu ni uzito.

Uzito huo unabebwa na RAM. Chukulia diski kuwa kabati na RAM kuwa meza ya kazi: kabati linaweza kuwa kubwa, lakini meza ikiwa ndogo huwezi kufungua madaftari mengi kwa pamoja. Kwenye Windows, bofya kwa kitufe cha kulia cha kipanya juu ya alama ya This PC, chagua Properties, utaona kiasi cha RAM. Hapohapo soma kama prosesa ni ya biti 64, yaani imeandikwa x64, au ni ya biti 32. Usichanganye prosesa na mfumo. Kompyuta nyingi ziliwekewa Windows ya biti 32 ilhali prosesa yake inamudu biti 64, na prosesa ndiyo tunayoitazama.

Ukiwa na GB 4 au zaidi, sisi tungechukua Linux Mint, toleo la Xfce. Mpangilio wake hautamshangaza aliyezoea Windows: kitufe cha menyu kiko chini kushoto, saa iko chini kulia. Mint 22 itaendelea kupata masasisho hadi mwaka 2029. Ukiwa na GB 2, Mint itawaka lakini itakuwa na pumzi fupi, kwa hiyo jaribu Lubuntu, ndugu mwepesi wa Ubuntu. Chini ya hapo, au kama prosesa ni ya biti 32, kuna antiX 23 na Puppy Linux. Hizi mbili ni nyepesi kwelikweli, ila sura yake ni ya kizamani na zinataka mtu mvumilivu. Mwenzako au fundi wa karibu akiwa tayari anatumia mojawapo ya hizi, hiyo ina sababu nzuri ya kuwa chaguo lako, maana siku ya kukwama utamwita yeye.

Kuna jambo ambalo wanaoisifia Linux hulipitia haraka. Linux haiupunguzi uzito wa intaneti. Ukifungua kivinjari na kurasa sita zenye picha na video, GB 2 zitajaa tu, uwe na Windows au Linux. Kwa hiyo kabla ya kununua kompyuta nyingine, muulize fundi bei ya kuongeza RAM, na bei ya kuweka diski ya SSD badala ya ile inayozunguka. Kwa mashine nyingi za zamani, SSD ndiyo inayofupisha ule muda wa chai.

Pia kuna vitu utakavyoviacha. Microsoft Office na Photoshop za kawaida hazifungi humo. LibreOffice hufungua na kuhifadhi mafaili ya Word, lakini jedwali au mwandiko unaweza kuhama kidogo, na mteja wa CV ataliona hilo. Baadhi ya printa ndogo za leza nazo husumbua. Kwa mwenye steshenari, printa ikigoma hakuna biashara.

Habari njema ni kwamba unaweza kujaribu yote haya bila kugusa Windows yako. Tafuta flashi ya GB 8 isiyo na kitu cha maana, kwa sababu itafutwa. Pakua faili la mfumo kutoka tovuti yake rasmi. La Mint linakaribia GB 3, hivyo subiri bando la usiku. Kulinakili tu kwenye flashi hakutoshi. Liandike kwa programu kama Rufus. Kisha washa kompyuta huku ukibonyeza F12, F9 au Esc, kutegemea aina yake, na uchague flashi. Mfumo utafunguka kutoka humo, polepole kidogo kuliko utakavyokuwa ukishausimika. Jaribu sauti, waifai na kioo, na uchape ukurasa mmoja. Waifai isipotambuliwa, unganisha simu kwa waya wa USB na uiruhusu kugawa intaneti. Mara nyingi hiyo inakubali papo hapo.

Ukiridhika ndipo usimike, na hapa usiwe na haraka. Ukichagua kufuta diski nzima, picha, barua za wateja na hesabu za duka vitaondoka pamoja na Windows. Nakili kila kitu kwenye diski ya nje kwanza, kisha fungua mafaili mawili matatu kwenye kompyuta nyingine uhakikishe yamefika salama.

Ile flashi usiifute ukimaliza. Siku mfumo utakapokataa kuwaka, utaiwasha kompyuta kwa flashi hiyohiyo na kutoa mafaili yako.